Sabufa ya Baba Mkwe

Fundi Sikio hakupewa jina hilo kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa wapo waliodhani hivyo. Alipewa kwa majivuno yake. Ukimpelekea redio iliyokufa, fundi mwingine angetoa mita, aguse hapa, aguse pale, akune kichwa. Yeye aliiwasha, akafumba macho, akainamisha shingo, kisha akautaja ugonjwa wake papo hapo: "Spika ya kushoto imechanika." Na mara nyingi alipatia. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa, maana mtu aliyezoea kupatia hana mazoezi ya kukosea. Siku akikosea hajui hata afanye nini na uso wake.

Kibanda chake kilikuwa chembamba hivi kwamba mteja akiingia, fundi alilazimika kupandisha miguu kwenye kiti ili mlango ufungwe. Mezani palikuwa na chuma cha lehemu chenye mpini ulioungua, bisibisi saba, na kijiti kilichozungushiwa uzi wa kijani. Kila waya aliouunga aliuzungushia uzi ule mara tatu karibu na ncha. Alitaka hata miaka kumi baadaye, fundi mwingine akifungua, ajue ni nani aliyepita hapo. Nani alimwomba aweke sahihi kwenye waya? Hakuna. Lakini ndivyo alivyokuwa.

Miaka sita kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, alikuwa anachumbia. Baba wa binti alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyepiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi kwa miaka thelathini. Bendi ilikuwa imestaafu lakini haikuwa imekufa. Kila Jumamosi alasiri wazee wale walikutana kwenye ukumbi ulio nyuma ya shule, wakapiga nyimbo zao za zamani, wakagombana kidogo, wakarudi makwao. Siku nyingine zote mzee alifanya mazoezi nyumbani. Alichomeka gitaa kwenye amplifaya ya sebuleni, yenye spika mbili za mbao zilizomfikia mtu mzima kiunoni, akakaa kwenye kiti chake katikati na kupiga.

Fundi Sikio alipoziona zile spika, alijua mahari yake itaanzia wapi. "Mzee, niruhusu nikusafishie mashine," akasema. "Bure kabisa." Akapuliza vumbi, akakaza skrubu, akatoa nyaya za spika zilizochakaa na kuweka mpya. Alipomaliza aliweka wimbo, akasimama karibu kabisa na spika ya kushoto. Hakupachagua kwa ajili ya usikivu. Ni pale tu ambapo mtu angeweza kuona mlango wa jikoni, na mlangoni alikuwa amesimama binti.

Mzee alikaa kitini, akasikiliza, akakunja uso. "Mwanangu, mbona besi imekimbia?"

Fundi akafumba macho pale alipokuwa. "Ipo, mzee. Naisikia vizuri."

"Mimi siisikii."

Binti alikuwa anatazama. Mama yake naye alikuwa amekuja, na sinia la vikombe mkononi. Kijana wa watu angefanya nini? Angeweza kusema: subiri niangalie tena. Ni maneno matatu tu. Badala yake alitabasamu kwa upole, akasema, "Mashine iko sawa, mzee. Huo ni umri tu. Mtu akifika miaka hii, masikio huanza kuziachia sauti nzito."

Neno hilo hakuwa amelisoma mahali popote. Hakuwa amelisikia kwa mtu yeyote. Lilimtoka mdomoni likiwa limeshaiva, na alipolisikia mwenyewe akaliona la kitaalamu. Mzee aliitazama mikono yake kwa muda. "Ahaa," akasema. "Kumbe." Kisha akamshukuru kwa kumwambia ukweli, na jioni ile akamwambia mkewe kwamba kijana yule hana porojo.

Basi fundi akaoa, na mzee akaanza kuwa kiziwi kwa kuambiwa. Kwa kuwa aliamini hasikii sauti nzito, alipokwenda kwenye mazoezi aliongeza sauti ya gitaa. Wenzake wakalalamika: unatumeza, punguza. Naye akayachukua malalamiko yale kuwa ushahidi. Hata alipoisikia besi huko, alidhani ni kwa sababu ameiongeza; na kama nimefikia kuongeza hadi kuwameza wenzangu, akajisemea, basi kweli nimekwisha. Mpiga besi asiyesikia besi atamweleza nini mpiga ngoma? Akaona haya kuwaambia. Jumamosi moja aliwatupia neno la ukali, eti amechoka na kelele za wazee, akaondoka na gitaa lake. Hakurudi tena. Gitaa likaingia kwenye mfuko wake na mfuko ukaingia chini ya kitanda. Mkewe alipofariki mwaka wa tatu, wenzake wa bendi walikuja kumpa pole, wakakaa mbali naye, wakaondoka mapema.

Nyumbani nako habari ilikua. Ilianza kama "baba ameanza kupoteza besi." Baada ya mwaka ikawa "baba hasikii vizuri." Baada ya miaka miwili binti yake alikuwa anampigia kelele hadi majirani wanajua chakula kimeiva. Mzee mwenyewe alipunguza kusema, na watu wakadhani ndiyo dalili.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Watoto wa mzee walikuwa wamechangishana wakamnunulia baba yao sabufa, lile sanduku zito lenye spika moja tu kubwa, la kutoa besi peke yake. Wazo lilikuwa kwamba kama masikio yameshindwa, basi aisikie kwa kifua. Na nani wa kuifunga kama si mkwe?

Alasiri ya Jumapili Fundi Sikio aliifikisha sebuleni akihema. Mkewe alitangulia. "BABA! SHIKAMOO! TUMEKULETEA SABUFA!"

"Marahaba," mzee akasema kwa sauti ya kawaida. "Nimeona sanduku."

Kufunga sabufa si kuchomeka na kuondoka, hata kama wauzaji husema hivyo. Lazima iungane na spika zilizokuwapo, pale zinapoishia kushuka ndipo yenyewe ianzie, zote zisukume hewa kwa pamoja na kuivuta kwa pamoja, hadi msikilizaji asijue sauti imetoka kwenye sanduku lipi. Na lazima ikae mahali pake, kwa sababu kila chumba kina kona inayoijaza besi na kona inayoimeza. Njia ya kupatafuta mahali hapo si ya heshima sana. Unaiweka sabufa kwenye kiti cha msikilizaji, unapiga wimbo, halafu wewe mwenyewe unatambaa sakafuni kando ya kuta, sikio chini, hadi ufike mahali ambapo besi imekaa sawasawa. Hapo ndipo unaihamishia.

Kwa hiyo sabufa ikapewa kiti cha mzee, mzee akapewa kigoda, na mkwe mtu akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake na kuanza kutambaa, makalio juu, shavu karibu na zulia. Mkewe alifunga mlango ili watoto wa jirani wasione.

"Mkwe," mzee akauliza, "umeangusha nini?"

"NATAFUTA BESI, BABA!"

"Aa. Ukiikuta chini ya kochi, nipe. Ni yangu hiyo."

Wakacheka wote watatu. Fundi alicheka kuliko wote, maana alikuwa anajiona mtaalamu, na mtaalamu anaweza kutambaa bila kupungukiwa. Akapata mahali, kando ya dirisha. Wakaihamisha. Akakaa kwenye kiti cha mzee, akaweka wimbo wenye besi inayotembea, akawasha vyote pamoja, akafumba macho.

Haikuungana. Sabufa ilinguruma peke yake huko dirishani, na spika za mbao zililia peke yake juu. Nyuma ya sabufa kuna kitufe cha kugeuza msukumo, ili kama inavuta wakati wenzake wanasukuma, uigeuze ipatane nao. Akakigeuza. Ikapatana na spika ya kulia, ya kushoto ikakataa. Akakirudisha. Ikapatana na ya kushoto, ya kulia ikakataa. Akafanya hivyo mara nne. Kwenye mara ya nne aliacha, kwa sababu kuna jambo moja tu linaloweza kufanya hivyo.

Akazima sabufa. Akaachia spika ya kushoto peke yake: besi tele. Akaachia ya kulia peke yake: besi tele. Akaziachia zote mbili, akakaa pale katikati, kwenye kile kiti, na besi ikapotea kana kwamba kuna mtu ameifunika. Ilibaki sauti nyembamba isiyo na miguu. Hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiisikia mzee kwa miaka sita.

Fundi akaenda nyuma ya kabati na tochi. Alikuwa bado anaomba kimoyomoyo akute kazi ya fundi mwingine, fundi yeyote, hata mwizi. Chini ya vumbi aliona uzi wa kijani, mizunguko mitatu, safi kabisa. Waya ule ulikuwa na nyuzi mbili za rangi moja, na mmojawapo ulikuwa na mstari mwembamba wa kuonyesha chanya. Kwenye spika ya kulia mstari ulikuwa kwenye chanya. Kwenye ya kushoto ulikuwa kwenye hasi. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa huku nyingine inaivuta, na kati yao, pale pale anapokaa mzee, besi ilikuwa inauawa kila siku. Siku ile mzee aliuliza swali sahihi, swali la mtu mwenye masikio mazima, na yeye akamwambia amezeeka.

Alibaki amepiga magoti nyuma ya kabati muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji, akiona aibu kwanza mbele ya uzi wake mwenyewe, ambao ulikuwa hauna la kumsaidia.

"Umepata tatizo?" mkewe akauliza.

"Dogo," akasema. "Waya umelegea."

Akageuza zile nyuzi mbili za spika ya kushoto. Haikuchukua dakika moja. Na alipokuwa anazikaza aliona njia iliyo wazi mbele yake: sabufa ni mpya, besi itarudi, kila mtu ataishukuru sabufa. Hakuna atakayeuliza. Niseme ukweli, aliifurahia njia hiyo, na akaishika.

Akamrudisha mzee kitini. Akawasha vyote. Safari hii vilishikana. Besi ilikuja kutoka chini ikakaa katikati ya chumba, nene, tulivu, kila noti ikiwa na mwanzo na mwisho wake. Mzee alishika mikono ya kiti. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinafuata noti kwenye goti, hii, hii, kisha hii, bila kukosea hata moja. Macho yalimjaa.

"Mwanangu," akasema, "umenirudishia."

Binti yake alimtazama mumewe kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu harusi. Fundi Sikio akainamia bisibisi zake na kuzipanga upya. Sifa zile zilimwingia vibaya, na kila alipotaka kuinua uso aliuona ule uzi.

Mzee akaenda chumbani, akarudi na mfuko wenye gitaa. Nyuzi zilikuwa zimeshika kutu kidogo. Akachomeka, akakaza, akapiga. Vidole vilikuwa vigumu, viliteleza mara mbili, akajitukana kidogo, kisha mkono ukakumbuka. Alipiga kipande kimoja kifupi, akakirudia, akacheka peke yake.

"Unajua," akamwambia mkwe wake, "siku ile uliniambia kweli. Masikio yalishakwisha. Sasa hii sabufa ndiyo miwani yake." Akaitazama ile sabufa kama mgonjwa anavyotazama dawa iliyomkubali. "Ina uzito gani? Nataka kwenda nayo ukumbini Jumamosi. Nitawaomba radhi wale wazee, niwaeleze kwamba nilikuwa sisikii, ila sasa nina chombo. Nitakuwa naenda nayo na kurudi nayo. Pikipiki ya mizigo itaiweza?"

"BABA, TUTAKUTAFUTIA HATA GARI," binti yake akasema.

Fundi akaiona picha yote: mzee mwenye masikio mazima, kila Jumamosi, akipakia na kupakua sanduku asilolihitaji, akiwaambia watu kwamba yeye ni kiziwi, kwa maisha yake yote yaliyobaki. Alitamani kutoka nje. Alijua kabisa kwamba anaweza kunyamaza, na kwamba akinyamaza leo atanyamaza milele, na lawama ya kila Jumamosi itakuwa yake.

Akasimama, akaenda dirishani, akaizima sabufa. Taa yake nyekundu ikafa.

"Piga tena, baba," akasema.

"Umezima."

"Nimezima. Wewe piga."

Mzee akapiga noti moja, ile ya chini kabisa. Spika za mbao zikaitoa yote. Si kwa uzito ule wa sabufa, lakini ilikuwa besi, iliyosimama vizuri, na vikombe vya chai mezani vilitikisika. Akapiga tena. Akaitazama sabufa iliyozimwa, kisha spika, kisha mkwe wake.

"Ni waya," Fundi Sikio akasema. "Siku ile nilipokusafishia, niligeuza waya wa spika ya kushoto. Zikawa zinauana besi hapo hapo ulipokaa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikaisikia moja tu. Wewe ulikuwa sahihi, baba. Masikio yako hayana kasoro. Hayajawahi kuwa na kasoro."

Mkewe, aliyekuwa ameanza kukusanya vikombe, alisimama ameshika sinia kwa mikono miwili.

"Waya," mzee akasema.

"Waya, baba."

"Na siku ile ulijua?"

Hili ndilo swali aliloliogopa. Angeweza kusema sikujua, na isingekuwa uongo. "Waya sikujua," akasema. "Lakini ya masikio nilijua kwamba sijui. Nilikutungia. Niliona haya kukosea mbele ya binti yako, nikasema kama mtu anayejua. Nisamehe."

Mzee alilaza gitaa mapajani. Aliipapasa shingo ya gitaa kwa kidole gumba, juu, chini. Hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha, na jambo hilo lilimchoma fundi kuliko kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Aliyahitaji.

Binti ndiye aliyesema kwanza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alimsemesha baba yake bila kupiga kelele. "Kwa hiyo baba, wewe unasikia? Vizuri kabisa?"

"Mimi niliambiwa zimepotea sauti nzito," mzee akasema. "Za watu hakuna aliyeniambia zimepotea. Za watu siku zote nilikuwa nazisikia. Ila kila nikitaka kujibu mnanipigia ukelele, nikaona heri ninyamaze."

Ndipo Fundi Sikio alipokumbuka. Mwaka jana, baada ya chakula, wakiwa sebuleni humu, yeye na mkewe. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti hiki na gazeti lake. Na yeye, mkwe mtu, alikuwa amekipima chumba kwa hatua, ukuta hadi ukuta, akihesabu kwa sauti, kisha akasema kwa raha zake kabisa: mzee akishaondoka, hapa tunabomoa dirisha, tunatoa mlango upande wa barabara, ni duka safi la spika. Mkewe alikuwa amesema, taratibu, baba yupo. Naye akacheka: "Huyu? Hasikii huyu."

Alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa anatazama chini, na akajua kwamba naye amekumbuka.

Mzee aliliegemeza gitaa kwenye spika kwa uangalifu. Akaangaza chumba chake, dirisha, ukuta wa upande wa barabara, zulia ambalo mkwe wake alikuwa ametambaa juu yake alasiri hiyo.

"Sasa kaunta," akauliza kwa upole, "ulikuwa unafikiria kuiweka upande gani, mwanangu? Pale dirishani, au hapa nilipokaa?"